UCHAMBUZI: Mafuta ya kupikia yaweza kuendesha lori la Kongowea, lakini si alfajiri ya Kinangop

KILA bei ya dizeli inapopandishwa, wazo lile lile la kale huzuka upya miongoni mwa wasafirishaji wanaopeleka mazao katika soko la Kongowea, Mombasa. Wazo lenyewe ni kwamba lori la dizeli laweza kuendeshwa kwa mafuta ya kupikia, hasa yale ambayo yamekwisha kukaangia viazi karai na bhajia na ambayo vinginevyo yangemwagwa mtaroni.

Wazo hilo si ndoto, wala si ulaghai wa matapeli wa mjini. Kisayansi lina mashiko, na kihistoria lina umri unaokaribia ule wa injini ya dizeli yenyewe. Wanaolipigia debe husahau jambo moja tu, nalo ni asubuhi: lori hilo litawakaje baada ya kulala usiku kucha penye baridi?

Ni swali ambalo mwanzoni linaweza kumchekesha mkazi wa Pwani. Katika mji ambao watu hulala madirisha wazi, baridi ya nini? Lakini lori la Kongowea halilali Kongowea. Soko hilo la jumla, lililo ng'ambo ya Daraja la Nyali kwenye barabara iendayo Malindi, hutegemea viazi na kabeji zinazolimwa katika nyanda za juu za Nyandarua, zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini. Dereva huondoka Mombasa akitokwa na jasho, na keshoye huamka Njabini au Engineer akiwa amejifunika blanketi mbili, mahali ambapo usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10 na misimu mingine viazi huchomwa na jalidi shambani.

Basi tuanze na kinachowasukuma watu kwenye wazo hili. Tangu Desemba 2010 bei za mafuta nchini zimekuwa zikitangazwa kila mwezi na mdhibiti wa sekta ya kawi, ambaye siku hizi ni mamlaka ya EPRA. Septemba 2018 mafuta yalianza kutozwa ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 8, na Julai 2023 ukaongezwa hadi asilimia 16. Kufikia katikati ya Oktoba 2023 lita moja ya dizeli ilikuwa ikiuzwa Sh205.47 jijini Nairobi, na Mombasa ilipungua kidogo tu kwa sababu ya ukaribu wa bandari.

Mombasa yenyewe haisafishi tena mafuta ghafi. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mnamo 2013, na tangu hapo kila tone la dizeli linaloingia katika tangi la lori huwa limesafishwa ng'ambo. Msafirishaji mdogo mwenye lori moja au mawili hana usemi wowote katika bei hiyo. Ana usemi tu katika kile anachokitia kwenye tangi lake.

Chukua mfano wa hesabu ya kawaida. Lori la tani saba likitumia lita moja kwa kila kilomita nne, safari ya kilomita 600 kwenda na nyingine 600 kurudi humeza lita 300. Kwa bei ya Sh200 kwa lita, hizo ni Sh60,000 kwa safari moja, kabla ya kulipa dereva, utingo, ada za soko na matairi. Anayeambiwa kwamba theluthi mbili za mafuta hayo zinaweza kupatikana kwa bei ya chini nyuma ya vibanda vya chipsi hawezi kulaumiwa kwa kusikiliza.

Historia nayo inamuunga mkono. Katika maonyesho ya kimataifa ya Paris mnamo 1900, kampuni ya Otto ya Ufaransa iliwasha injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel na kuiendesha kwa mafuta ya njugu karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo lifanywe, kwani ilikuwa ikiwaza jinsi makoloni yake ya Afrika yangejitosheleza kwa nishati.

Karibu miongo minne baadaye Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Kongo na mashamba yake ya michikichi, ilifuata njia hiyo. Mnamo 1937 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipewa hataza ya njia ya kugeuza mafuta ya mawese kwa kemikali ili yafae injini za dizeli, na mwaka uliofuata basi la abiria lilifanyiwa majaribio kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha dizeli ya petroli ikawa rahisi, na habari hizo zikasahauliwa makabatini.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Pwani yetu unatoka kisiwani Bougainville, katika bahari ya Pasifiki. Papua New Guinea ilipokizingira kisiwa hicho katika miaka ya 1990, wenyeji waliokosa dizeli waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi waliyokamua wenyewe. Magari yalitembea. Lakini Bougainville ni kisiwa cha joto kilicho karibu na ikweta. Ukitaka kujua yangefanyaje mahali pa baridi, huna haja ya maabara.

Nyumba nyingi za Pwani zilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi dirishani. Kaskazi inapovuma mafuta yale ni maji matupu. Kusi ikiingia, katika miezi ya Juni hadi Agosti ambapo nyuzijoto za usiku Mombasa hushuka hadi 20 hivi, chupa huamka ikiwa nyeupe kama nta, na mwenye kutaka kujipaka huiweka kwanza juani. Hakuna ugonjwa wowote katika chupa ile. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzijoto 25 hivi.

Sasa iwazie chupa hiyo ikiwa ni tangi la lita 200 lililofungwa chini ya lori, na bomba lake likiwa na upana wa kidole.

Kila aina ya mafuta ina tabia yake. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji hata nyuzijoto zikishuka chini ya sifuri. Mawese ghafi ni magumu hata katika joto la chumba cha kawaida. Mafuta mengi ya kupimiwa yanayouzwa nchini hutokana na mawese yaliyochujwa, yakiagizwa hasa kutoka Malaysia na Indonesia. Hayo huonekana safi kabisa Mombasa, ila yakipanda Limuru wakati wa Julai huanza kufanya ukungu na chembe chembe nyeupe chini ya dumu. Yaliyokaangiwa mara kadhaa huwa mabaya zaidi, kwa sababu yamechanganyika na mafuta ya nyama, maji na makombo.

Hata pale yasipoganda, mafuta ya mimea ni mazito. Katika nyuzijoto 40 mnato wake, yaani ule uzito unaofanya kioevu kichelewe kutiririka, ni takriban mara kumi ya ule wa dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la mamia ya nyuzi, kisha nozeli hupuliza mafuta katika hewa hiyo yakiwa laini kama ukungu, nayo yakawaka yenyewe. Mafuta mazito hayatoki kama ukungu bali kama matone, na tone kubwa likikutana na silinda baridi haliwaki. Hulowesha tu kuta za silinda.

Nyandarua inaongeza tatizo jingine ambalo mafundi wa Pwani hawalifikirii sana. Katika mwinuko wa mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini huvuta hewa nyembamba tena yenye baridi, hivyo hewa hiyo ikibanwa haifikii joto lile inalolifikia Kongowea. Lori lililowaka kwa mguso mmoja wa ufunguo pale sokoni linaweza kuzungusha stata Njabini mpaka betri ikafa.

Mtu akifikwa na hali hiyo, kosa la kwanza huwa ni kuendelea kukaza ufunguo. Fundi mwenye uzoefu husikiliza kwanza. Stata ikizunguka kwa uvivu, tatizo bado si mafuta. Huenda ni betri, ambayo hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi, au ni vichwa vya nyaya vilivyoshika kutu ya chumvi ya bahari, maradhi ya kawaida ya magari ya Mombasa. Huenda pia oili ya injini imekuwa nzito, na hilo tutalirudia.

Stata ikizunguka kwa kasi na bomba la moshi lisitoe chochote, maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda. Hapo hukaguliwa filta, ambayo ndiyo ya kwanza kuzibwa na mafuta yaliyoganda, halafu mipira ya mafuta. Mipira ya kawaida iliyotengenezewa dizeli hulainika na kupasuka ikikaa muda mrefu na mafuta ya mimea. Kwa kuwa upande wa kuvuta huwa na kanieneo ndogo kuliko hewa ya nje, ufa mdogo hautoi mafuta nje bali huingiza hewa ndani. Sakafu hubaki kavu, na mwenye gari huapa kwamba hakuna panapovuja. Usiku kucha mafuta hurudi taratibu tangini, na asubuhi pampu hukuta hewa tupu.

Ikiwa bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu kali, mafuta yanafika ila hayawaki. Kwa injini zenye plagi za kupasha joto, hizo hupimwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa plagi mbili zilizoungua hazionekani Mombasa lakini Kinangop ni msiba. Zikiwa nzima, macho huelekezwa kwenye nozeli zilizofanya masizi magumu, na mwishowe kwenye pistoni, kwani mafuta yasiyoungua vizuri huacha gundi inayonasa ringi na kupunguza mbano wa hewa.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho huokoa muda mwingi. Ondoa bomba la kuvuta na lile la kurudisha mafuta kwenye matangi, uyatumbukize yote mawili katika dumu la dizeli safi, pitisha dizeli mpaka mapovu yaishe, kisha uwashe. Lori likiwaka, kosa liko katika mafuta au mapito yake. Lisipowaka, lingekataa hata kama mwenyewe hangewahi kusikia habari za mafuta ya kupikia, na ni bure kuyalaumu.

Mafundi waliozoea ubadilishaji huu katika nchi za baridi za Ulaya hawapambani na asubuhi hiyo, huikwepa. Lori hufungwa matangi mawili. Dogo hutiwa dizeli na kubwa hutiwa mafuta ya mimea. Injini huwashwa kwa dizeli, na maji moto ya radieta hupitishwa kwenye mabomba yaliyozungushwa ndani ya tangi kubwa na kando ya filta mpaka mafuta yafikie nyuzijoto 70 hivi, ndipo dereva hubadilisha swichi. Kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli kwa kilomita kadhaa ili pampu na nozeli zilale zikiwa na dizeli tupu.

Kanuni hiyo ndiyo inayovunjwa kila mara, na si vigumu kuona sababu. Dereva amefika saa nane usiku, amechoka, na mwenye shamba anamsubiri apakie. Anazima tu. Au anarudi kwenye dizeli lakini bomba la kurudisha limeunganishwa vibaya, hivyo mafuta mazito ya mwisho yanamwagwa ndani ya tangi dogo. Baada ya wiki tatu tangi la dizeli si la dizeli tena, na mtu anashangaa kwa nini lori limeanza kusumbua ilhali yeye hufuata maagizo.

Aidha, si kila injini hustahimili. Zile za zamani zenye pampu ya safu moja na nozeli za kawaida husamehe mengi. Pampu za mviringo, hasa zile zinazolainishwa na mafuta yenyewe, huweza kuvunjika shafti mafuta yakiwa mazito asubuhi. Malori mapya yanayodhibitiwa kwa kompyuta, ambayo hupuliza mafuta kwa kanieneo kubwa mno, yasiguswe kabisa. Na kwa injini yoyote ile, mafuta yasiyoungua yanayopenya hadi kwenye oili huigeuza taratibu kuwa kama uji. Mwenye kuendesha hivi hana budi kubadilisha oili mapema kuliko kawaida, gharama ambayo wapiga debe huiacha nje ya hesabu.

Wapo wanaoamua kukata njia kwa kuchanganya mafuta ya kupikia na mafuta taa ili yawe mepesi. Ni kweli huwa mepesi. Lakini Septemba 2018 serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, mahsusi kukomesha uchanganyaji wake katika dizeli, na kwa hivyo unafuu wa bei ulitoweka. Isitoshe, mafuta taa hayana ulaini unaoilinda pampu.

Njia ya Chavanne, ya kuyageuza mafuta kwa kemikali hadi yakawa biodizeli, huondoa sehemu kubwa ya tatizo la uzito. Inahitaji pombe ya viwandani na magadi makali, kisha hutenganisha gliserini. Hata hivyo, pombe inayotumika aghalabu ni methanoli, sumu ile ile ambayo Mei 2014 ilitiwa katika vileo na kuua makumi ya Wakenya katika kaunti kadhaa. Si shughuli ya kufanyiwa uani nyuma ya nyumba za kupanga. Na biodizeli ya mawese nayo huganda mapema kwenye baridi.

Turudi kwenye hesabu. Msafirishaji wetu anataka lita 200 kwa safari moja kila juma. Iwapo kila kibanda kitamuuzia lita tano kwa juma, anahitaji vibanda 40, dumu la kukusanyia, mtu wa kuzunguka, pipa la kutulizia maji na makombo, na vitambaa vya kuchujia. Wa pili akija na wazo hilo hilo, anahitaji vibanda vingine 40. Bei ya takataka ambayo kila mtu anaitaka haibaki bei ya takataka.

Mafuta mapya nayo hayafai kuzungumziwa. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 soko la mafuta ya alizeti lilivurugika, na kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23 mwaka huo Indonesia ilizuia mauzo ya mawese nje. Akina mama wa Kongowea na Kisauni waliona matokeo yake madukani. Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula haiwezi kuyachoma barabarani bila kumgusa mpishi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja yenye nguvu zaidi ya kukusanya mafuta yaliyotumika haihusu bei ya dizeli hata kidogo. Inahusu karai. Mafuta yasiyo na mnunuzi mwingine hurudi jikoni, yakakaangiwa tena na tena hadi kuwa meusi, au huuzwa kwa mchuuzi wa chini yake. Nchi hii imewahi kushuhudia hata mafuta yanayoibwa kwenye transfoma za umeme yakiishia katika vikaangio vya chipsi, habari iliyoenea kote duniani mnamo 2014. Dumu lililokwisha kununuliwa na mwenye lori ni dumu lisiloweza kurudi tumboni mwa mtu.

Sera ya serikali, kwa upande wake, imekuwa ikitazama mashambani badala ya vikaangioni. Mkakati wa biodizeli wa 2008 hadi 2012 uliweka matumaini makubwa kwa mbono. Kufikia Desemba 2009 utafiti uliochapishwa na shirika la Ujerumani la GTZ ulikuwa umeonyesha kwamba mavuno ya wakulima wadogo nchini yalikuwa duni mno, na ukawashauri waupande mmea huo kama ua tu. Huko Magarini, mpango wa wawekezaji kutoka Italia wa kupanda mbono kwenye hekta 50,000 katika msitu wa Dakatcha ulizua upinzani wa wakazi na watetezi wa mazingira, nao haukutekelezwa.

Waitaliano wengine, kampuni ya Eni, walikuja na mbinu tofauti. Julai 2022 walifungua kituo cha kukamulia mbegu za nyonyo, croton na pamba katika Kaunti ya Makueni. Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta hayo ilipakiwa katika bandari ya Mombasa kuelekea kiwanda cha Gela, kisiwani Sicily, ambako hugeuzwa kuwa mafuta ya magari na ya ndege. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya aina hiyo. Malori ya Kongowea hupita Makueni kila siku, ila mafuta yake huyapita kuelekea melini.

Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaja fueli za mimea, lakini msafirishaji anayetaka kufunga tangi la pili haoni humo mwongozo wa kumfaa yeye na fundi wake. Hicho ni kiwango ambacho kingeweza kuandikwa bila fedha nyingi: mafuta yachujwe kiasi gani, yasiwe na maji kiasi gani, tangi lifungwe vipi.

Magari ambayo yangefaa kuanza nayo si yale ya Nyandarua. Ni yale yasiyoondoka Pwani: malori ya maembe ya Kilifi, pikapu zinazosambaza mazao kutoka Kongowea hadi Mtwapa, Likoni na Changamwe, na mashine za kusaga za dizeli ambazo hazitembei kamwe. Hayo hulala kwenye joto, hurudi kwa fundi yule yule kila jioni, na kusi ikivuma yatahitaji dizeli kidogo tu asubuhi. Anayeng'ang'ania kupanda bara kwa mafuta ya mawese na ajaze tangi dogo Mombasa, arudishe swichi kwenye dizeli anapokunja kona ya Flyover kuelekea Njabini, na asiiguse tena hadi atakapokuwa ameshuka na mzigo wake, injini ikiwa moto, upande wa pili wa Limuru.